Mtoto Anyonya Usiku Kucha



Wiki hii nilikuwa nimeazimia kuandika habari za kusuka mikeka, kama nilivyoahidi tangu zamani. Lakini imefika barua moja iliyonifanya niiweke mikeka kando. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi katika karatasi ya daftari la shule, na mwandishi wake ni mama kijana mwenye mtoto wa kwanza. Jina lake sitalitaja, wala kijiji chake, maana yeye mwenyewe hakupenda. Maneno yake kwa ufupi ni haya:

"Mtoto wangu ametimiza miezi 7. Ni msichana. Mchana hasumbui, hukaa na mdogo wangu mimi nikiwa shambani. Lakini usiku hunyonya mara sita, pengine mara saba, mpaka jogoo anawika sijafumba jicho. Tumeanza kumpa uji, naye huupokea vizuri, hunywa kikombe kizima, lakini usiku ni ule ule. Tena walipompima kliniki mwezi uliopita uzito haukuongezeka hata kidogo. Mama mkwe asema maziwa yangu ni mepesi, yamekwisha nguvu, afadhali nimlikize sasa, apelekwe kwake akalale huko wiki mbili asahau ziwa. Mume wangu yu kimya. Nifanye nini?"

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Neno la kwanza nakuambia mapema, kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu, isije ikawa mzigo wa mtoto umekwisha kufungwa: usimpeleke. Mtoto wa miezi 7 asiyeongezeka uzito haondolewi ziwani. Sababu zake nitazieleza, wala si kwa kuwadharau wazee, maana mimi nami sasa ni mzee, na kosa hili nililifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Mtoto wangu wa pili, mvulana, alikuwa na miezi 11 nilipojiona nina mimba. Nikaambiwa kwamba maziwa ya mwenye mimba ni sumu. Jioni moja nikapaka shubiri kwenye chuchu. Akaonja, akanitazama usoni, akaonja tena, ndipo akalia. Siku tatu alilia, ya nne akanyamaza, nasi tukasema ameshazoea. Akawa anakula uji mweupe wa muhogo asubuhi na jioni. Miezi miwili baadaye miguu yake ilianza kujaa, na sisi tukafurahi tukidhani ananenepa! Kisha nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi, ngozi ya mapajani ikabambuka, na mtoto hakucheka tena, hata ukimchezea namna gani. Majirani wakanong'ona kwamba tumembemenda. Mume wangu, mtu mpole, aliacha kwenda kukaa barazani na wenzake kwa aibu. Nilimbeba mtoto mgongoni hadi hospitali, akalala huko wiki tano. Alipona, Mungu ashukuriwe, na leo ni seremala mwenye watoto wake. Lakini yale macho yake ya jioni ile sijayasahau.

Ugonjwa ule ni kwashakoo. Wengi hawajui jina hilo lilitoka wapi, nami nalipenda kwa sababu lilisema kweli kabla ya madaktari. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa akifanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo tangu 1957 ni Ghana. Mwaka 1933 aliandika habari za watoto waliovimba na kubambuka ngozi, na mwaka 1935 akaupa ugonjwa huo jina ambalo akina mama wa kabila la Waga walikuwa wakilitumia siku zote. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto mkubwa aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anayekuja. Basi, akina mama wa kule walikuwa wameona kwamba mtoto huugua anapoondolewa ziwani. Na sisi huku tuliliona jambo lile lile, ila tulisingizia kitanda cha baba na mama. Mume na mke kulala pamoja hakuharibu maziwa. Mimba nayo haiyageuzi kuwa sumu; mama mwenye mimba aweza kuendelea kunyonyesha kama ana afya na anakula chakula cha kutosha, naye amwambie mkunga ili amwangalie. Kilichombemenda mwanangu ni shubiri yangu na uji wa muhogo.

Sasa turudi kwa mtoto wako.

Mama mkwe asema maziwa yako ni mepesi. Ukiyakamua kwenye kikombe utaona kweli ni mepesi, tena ya mwanzo yana rangi ya samawati kidogo. Ndivyo yalivyo maziwa ya binadamu wote. Mtoto anapoanza kunyonya hupata yale ya majimaji ya kumwondolea kiu, na kadiri anavyoendelea mafuta huongezeka. Kwa hiyo mwache amalize titi moja kabla ya kumpa la pili. Hayaishi nguvu miezi 7, wala 12. Tangu miezi 6 hadi mwaka mmoja, nusu ya nguvu anazohitaji mtoto, au zaidi ya nusu, hutoka katika maziwa ya mama. Na katika mwaka wa pili ni kama theluthi moja. Ukimwondoa leo, nusu hiyo utaijaza kwa nini? Kwa uji ule ule?

Lakini pia si kweli kwamba maziwa peke yake yatosha sasa. Mpaka miezi 6 hahitaji kingine, hata maji. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana, na maziwa hayawezi kuijaza. Hivyo ulifanya vema kuanza chakula. Kosa si kuanza. Nadhani kosa li katika sufuria, na jingine li katika saa za mchana. Nianze na hili la mchana.

Waandika: mchana hasumbui. Neno hilo ndilo lililonishtua kuliko mengine yote. Watoka saa ngapi kwenda shamba? Kama ni alfajiri, na warudi saa saba au saa nane, basi mtoto amekaa saa nane hivi bila ziwa. Mtoto mwingine hulia. Mwingine, mpole kama huyu wako, hulala tu na kunyonya kidole. Usiku unapoingia, anamwona mama yake, anasikia harufu ya maziwa, ndipo anaanza kudai deni la mchana. Kweli analipwa, lakini ni wewe unayelipa kwa usingizi wako. Mtoto huyu hana tabia mbaya, mwanangu. Ana hesabu nzuri.

Basi deni hilo lilipwe mchana. Mnyonyeshe kabla hujatoka, hata kama amelala. Mwinue, atanyonya nusu usingizini. Kama shamba si mbali, nenda naye pamoja na mdogo wako, wakae kivulini, umnyonyeshe kila upumzikapo. Kama ni mbali, jifunze kukamua. Nawa mikono, kamua kwenye kikombe safi chenye kifuniko, ukiache mahali pa baridi nyumbani. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa nne bila kuharibika, ila kwenye joto kali yatumiwe mapema zaidi. Mdogo wako ampe kwa kikombe na kijiko. Chupa ya kunyonyea msinunue, maana ile chuchu ya mpira hakuna anayeweza kuisafisha vizuri kijijini, na kuharisha huanzia humo. Urudipo, kabla hujatua hata kuni, mnyonyeshe. Kisha tena alasiri, tena magharibi, tena kabla ya kulala. Jaribu hivyo kwa wiki mbili, uhesabu usiku ataamka mara ngapi.

Sasa sufuria. Waandika kwamba anakunywa kikombe kizima cha uji. Kama anakunywa, basi ni maji! Tumbo la mtoto wa miezi 8 hubeba kama mililita 200 kwa mara moja, yaani haijai hata soda moja ya chupa. Humo ndani ukimimina uji mwepesi, tumbo limejaa, mtoto ametosheka, na unga aliopata ni vijiko viwili tu. Amejazwa maji, amefungiwa mlango wa maziwa. Ndiyo maana uzito umesimama. Uji wa mtoto uwe mzito, ukae juu ya kijiko usidondoke kijiko kikiinamishwa. Haunywewi, hulishwa.

Mama atasema: mzito hivyo hawezi kuumeza. Ataweza, ukimzoesha kidogo kidogo. Tena kuna njia ya bibi zetu, nayo ni kimea. Najua wale wanaopika pombe wanacheka, lakini kimea kina kazi nyingine njema kuliko hiyo. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue. Anika juani ukauke vizuri, pukusa vimizizi vyote uvitupe, kisha twanga. Ukiona ukungu, tupa wote. Pika uji mzito kabisa, uepue, uupoze kidogo kwanza, maana uji unaochemka huua nguvu ya kimea. Tia kijiko kidogo cha kimea, koroga, ngoja kidogo; utaona uji unalegea wenyewe kama uchawi, na unga ni ule ule haukupungua. Urudishe motoni uchemke tena kidogo, ndipo umpe. Hapa Tanzania njia hii ilifundishwa sana na wataalamu wa lishe katika miaka ya 1980, kisha wengi tukaisahau.

Lakini uji wa unga mtupu, hata ukiwa mzito, haujengi mwili. Tia karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini kabisa. Usimpe karanga nzima mpaka awe mkubwa, maana hupalia. Tia dagaa waliochambuliwa na kusagwa. Tia yai; na yai hapa nalitetea kwa nguvu, maana bado ziko nyumba ambamo mayai huuzwa mnadani asubuhi na jioni mtoto anatibiwa upungufu wa damu. Ati mtoto akila yai atakuwa mwizi! Wezi wote niliowahi kuwasikia walikosa mengi utotoni, sikusikia hata mmoja aliyezidishiwa mayai. Akichinjwa kuku, ini si la baba tena. Liwe la mtoto, lipondwe. Maharage na kunde vipikwe mpaka vivurugike, maganda yaondolewe kwa kuchuja. Majani ya mchicha au matembele yakatwe mwishoni, yaive kidogo tu. Boga, kiazi kitamu chekundu, papai na embe vyote hupondwa kwa uma. Na kijiko kidogo cha mafuta juu yake humtia nguvu bila kulijaza tumbo.

Kiasi chake: mtoto anayeanza apewe vijiko vikubwa viwili au vitatu kila mlo, milo miwili au mitatu kwa siku, kisha kiongezeke hadi nusu kikombe cha chai. Wako wa miezi 7 yafaa awe anakaribia hapo. Tangu miezi 9 apewe milo mitatu au minne. Akitimiza mwaka, milo iwe hiyo hiyo mitatu au minne, ya robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, na katikati tunda au kiazi. Awe na bakuli lake mwenyewe. Mtoto anayechovya pamoja na kaka zake katika sinia moja hujifunza heshima, lakini hashibi. Tena usimlazimishe kwa kumziba pua kama tulivyofanyiwa sisi. Kaa naye, mtazame, sema naye, ngoja afungue mdomo.

Mambo mengine machache. Asali, hasa kwenu mnaokaa kwenye nchi ya mizinga, msimpe mtoto kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata kuramba kwa kikohozi. Yaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambavyo mtu mzima haviwezi kumdhuru, lakini tumboni mwa mchanga hutoa sumu inayolegeza mwili hata pumzi. Chai pia isimkaribie, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Uji uliopikwa asubuhi usimpe jioni. Uliokaa zaidi ya saa mbili mpe mkubwa wake au kuku. Mahindi na karanga zenye ukungu msichanganye na nzuri "ili zisipotee". Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na sumu hiyo haitoki kwa kupika.

Haya, sasa usiku wenyewe.

Nisikudanganye: ukifanya hayo yote, mtoto bado ataamka. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Swansea, huko Wales katika Uingereza, walitoa habari za akina mama 715 wenye watoto wa miezi 6 hadi 12. Katika kila watoto 10, karibu 8 walikuwa wakiamka usiku angalau mara moja. Waliokula na kunyonya zaidi mchana walinyonya kidogo usiku, lakini kuamka waliamka vile vile. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Hata huko kwenye vitanda vya godoro nene mama huamka! Kwa hiyo usimshindilie uji saa tatu usiku ukitumaini alale kama gunia. Tazama kwanza kinachomwamsha. Je, chandarua kimetoboka? Nepi imelowa? Jino linatoka? Mwili una joto? Akiwa na homa usikae nyumbani na ndimu, mpeleke zahanati asubuhi ile ile.

Kwa umri wake huu usimnyime ziwa la usiku. Kutoka mara sita kufika mbili au tatu panatosha kabisa, na hizo zitapungua zenyewe deni la mchana likilipwa. Mnyonyeshe ukiwa umelala kwa ubavu, taa usiwashe, maneno usimwambie, asije akadhani kumekucha. Mto na mablanketi mazito yawe mbali na uso wake. Na kama kuna mtu aliyekunywa pombe usiku huo, alale kwingine. Ameua watoto wengi kwa kuwalalia pasipo kujua.

Wakati wa kumpunguzia kweli ni akishatimiza mwaka, anakula vizuri, anaongezeka uzito, wala haumwi. Hapo chagua kunyonya kumoja tu, kule asikokunyonya kwa njaa bali kwa mazoea. Kwa wengi ni kule kwa kwanza, saa moja tu tangu alale. Akiamka, asiamkiwe na mama, aamkiwe na baba. Mtoto akimwona mama anadai ziwa, lakini kifua cha baba hana deni nacho. Mtoto wangu wa tano, mwenye miezi 14, alichukuliwa na baba yake, akapigwapigwa mgongoni, akapewa maji kidogo kwa kikombe. Usiku wa kwanza alilia nikaziba masikio kwa khanga. Wa pili alinung'unika. Wa sita hakuamka. Tukapumzika wiki mbili ndipo tukashika kunyonya kwa pili. Kule kwa alfajiri nilimwachia mpaka akatimiza miaka miwili na miezi kadha. Akiugua katikati, mrudishie yote bila kinyongo, kisha mwaanze upya.

Kwa hiyo yule mume aliyekimya umpe kazi. Waume wengi hunyamaza si kwa kutojali, ila hakuna aliyewaambia kwamba mtoto wa ziwa ni wao pia.

Kuna jambo jingine ninalotaka mlisome wote wawili. Mama anayenyonyesha tu, mtoto hajafika miezi 6, na siku zake za mwezi hazijarudi, ni nadra sana kushika mimba. Wataalamu walikutana Bellagio, Italia, mwaka 1988, wakakubaliana kwamba masharti hayo matatu yakiwapo yote, kinga hupita 98 katika 100. Na kunyonyesha usiku ndiko kunakosaidia sana, maana homoni ya maziwa hupanda zaidi usiku. Lakini wewe umekwisha kupita miezi 6 na mtoto anakula. Sharti moja limevunjika. Ukipunguza usiku, au ukimpeleka kwa bibi wiki mbili, rutuba yaweza kurudi kabla hata hujaona damu. Wengi wa akina dada wanaoniandikia "nilishika mimba bila kuona siku zangu" walipita njia hiyo. Kwa hiyo kama mwataka huyu binti apate miaka yake miwili ya ziwa, nendeni mkajifunze, wewe na mume wako pamoja, kutambua dalili za siku za rutuba. Parokia nyingi zina watu na ndoa zilizofundishwa kazi hii. Mwulizeni paroko au masista, wala msione haya. Wao wameulizwa hayo mara nyingi kuliko mnavyofikiri.

Kwa mama aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi nasema kidogo tu: akimeza dawa zake kila siku bila kuruka, na mtoto akapewa zake kama kliniki inavyoagiza, aweza kunyonyesha. Miezi 6 maziwa matupu, kisha maziwa pamoja na chakula. Asiache kwa hofu, wala asiache dawa.

Imebaki habari ya mama mkwe, nayo ni ngumu kuliko uji. Usimjibu kwa ukurasa huu wa gazeti, ukimwambia "imeandikwa". Hakuna mzee anayependa kushindwa na karatasi. Yeye ameona mjukuu hakui, na hapo ameona sawasawa. Wengine wangesema mtoto ni mwembamba kwa ukoo. Mwambie, "Mama, nimekuja unisaidie, mtoto hapati uzito." Mwombe akufundishe kuchipusha kimea, maana bila shaka anajua kuliko mimi. Mwombe atwange karanga. Na kama nyumba yake ni karibu, mtoto ashinde kwake mchana badala ya kukaa na mdogo wako, ambaye naye ni mtoto. Bibi atamlisha kwa subira mlo wa saa nne, na wewe utapita hapo kumnyonyesha utokapo shamba. Wiki mbili alizoziomba utakuwa umempa, ila ni za mchana. Usiku mtoto alale kwako.

Kliniki usingoje tarehe iliyoandikwa. Nenda wiki hii hii na kadi yake, uwaambie wazi kwamba mstari wa uzito umelala, wamtazame kama ana malaria, minyoo au upungufu wa damu. Wakati mwingine wauguzi wana watu wengi, kadi huandikwa na kurudishwa bila neno. Wewe uliza. Wamtazame miguu pia: bonyeza kwa kidole juu ya unyayo, na shimo likibaki, siku hiyo hiyo alazwe. Mimi sikujua kubonyeza.

Mwisho wa mwezi uniandikie tena, mwanangu. Uniambie anaamka mara ngapi, na uzito uniandikie kama ulivyo kwenye kadi, wa zamani na wa sasa, kilo na gramu zake. Mikeka itangoja mpaka wiki ijayo. Walioniletea ukindu nimeupokea, asanteni.

Mimi Mama yenu wa Ukurasa wa Nyumbani